Jinsi nilivyozuia kelele zisiingie chumba cha kulala

Mke wangu ni muuguzi wa zamu za usiku. Anarudi asubuhi wakati nyumba nzima inaamka, na usingizi wake wote ni wa mchana. Kwa muda mrefu alilala usingizi wa mang'amung'amu: mlango ukibamizwa anashtuka, televisheni ikiwashwa anajifunika mto kichwani, kwa kuwa chumba chetu kimepakana na sebule. Tulipoanza ukarabati nilimwahidi kwamba chumba hicho kitatulia kwanza, mambo ya rangi na mapazia baadaye.

Nilianza vibaya. Nilibandika ukutani sponji zenye matuta, zile za studio. Chumba kilibadilika kweli, ukipiga kofi mwangwi hausikiki, lakini televisheni ya sebuleni ilisikika vilevile. Sponji humeza sauti inayodundadunda humo humo chumbani. Sauti inayotoka upande wa pili hupenya kama upepo kwenye chandarua, maana sponji haina uzito. Trei za mayai ni hivyo hivyo, asikudanganye mtu. Sauti inazuiwa na kitu kizito kisicho na upenyo.

Basi tukahamia kwenye uzito. Fundi alisimamisha fremu ya chuma mbele ya ukuta wa sebule, ikiwa mbali nao kwa sentimita 2, bila kuugusa popote. Nilimsisitizia hilo hadi akachoka nami, kwa sababu hata skrubu moja ikiziunganisha kuta hizo mbili, mtikisiko unavuka kupitia skrubu hiyo na nusu ya kazi inapotea. Chini na juu ya fremu tuliweka ukanda wa mpira. Ndani tukajaza pamba ya mawe, yaani nyuzi laini zinazotengenezwa kwa mawe yaliyoyeyushwa, bila kuishindilia, kisha tukafunga bodi za jipsamu za milimita 12.5, tabaka mbili, tukihakikisha maungio ya tabaka la pili hayaangukii juu ya maungio ya lile la kwanza. Kwenye kingo zote tulipitisha gundi ya kuzibia, aina inayobaki laini hata ikishakauka.

Jioni ile tuliwasha televisheni. Nikaketi kitandani, mlango nimefunga. Nikamsikia mtangazaji neno kwa neno.

Niliumia sana. Nikaweka sikio kwenye ukuta mpya: kimya. Nikasogea mlangoni: sauti ipo. Nikapanda kiti nikasogeza kichwa karibu na dari, na hapo ndipo sauti ilipokuwa wazi kuliko kwingine kote. Kesho yake fundi umeme alikuwa na kazi ya kupitisha nyaya, akafungua kipande cha dari na kupanda na tochi. Haikupita dakika akaniita: "Kaka, hebu panda uone. Ukuta wako haufiki juu."

Nilipanda. Ukuta wa tofali kati yetu na sebule ulipita usawa wa dari kidogo tu ukaishia hapo. Kuanzia hapo hadi kwenye paa palikuwa wazi, na kwenye giza lile niliona miale ya mwanga ikichomoza kutoka sebuleni, kila mahali taa ilipotobolewa kwenye dari. Kumbe sauti ilikuwa inapanda kwa matundu hayo, inaruka ukuta, inashuka kwetu. Hata ningejenga ukuta wenye unene wa mita nzima huku chini, ingepita juu yake tu.

Tuliendeleza tofali hadi kwenye paa, tukaziba kwa udongo wa saruji kila pengo lililobaki kwenye mbao, tukatandaza pamba ya mawe juu ya dari ya chumba na kuongeza tabaka moja la jipsamu kwa chini. Ni kazi chafu, ya vumbi na joto, na kama ningeanza nayo ningeokoa wiki nzima. Kwa hiyo nakushauri, kabla hujanunua chochote panda darini kwanza.

Uliobaki ni mlango. Ulikuwa mwepesi, mtupu ndani, na chini yake pana uwazi wa sentimita 2. Nilipiga hesabu. Uwazi huo kwa upana wa mlango wa sentimita 80 ni sentimita za mraba 160. Upande ule wa chumba una urefu wa mita 4 na kimo cha mita 2.5, yaani sentimita za mraba 100,000. Tundu ni chini ya asilimia 0.2 tu. Lakini kwa tundu hilo, hata ukuta mzima ungekuwa hauvuji kabisa, usingeweza kupunguza zaidi ya desibeli 28 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), wakati ukuta wa tofali uliopigwa lipu pande zote hupita desibeli 40 peke yake. Tuliweka mlango wa mbao nzito, mpira kuzunguka fremu yote, na kizingiti chenye mpira ambao mlango unaukandamiza ukifungwa.

Soketi nazo zilikuwa zimepeana mgongo ukutani, ya kwetu na ya sebuleni, zikishirikiana tundu moja. Tuliihamisha ya kwetu na kuziba tundu.

Chumba kilichozibwa namna hii hukosa hewa, na hilo halina mjadala, lazima upange. Tulitengeneza sanduku refu la mbao lenye kona mbili ndani, linaloingiza hewa kutoka nje. Hewa inapita kwenye kona, sauti inagonga kuta za sanduku na kumezwa njiani. Ndani yake nilibandika zile sponji za mwanzo.

Mngurumo mzito wa muziki bado unasikika kwa mbali, kwa sababu sauti nene zinahitaji uzito mkubwa zaidi kuliko nilioweza kuongeza. Miguu ya viti vya sebuleni nayo ilikuwa ikisugua sakafu, na mtikisiko wake unasafiri ndani ya zege lenyewe bila kupita hewani. Hiyo tumeivisha vipande vya zulia nene. Siku hizi mke wangu huamka kwa kengele yake mwenyewe.