Siku moja maishani mwangu: cherehani, mizani ya jikoni na hatua za uani

Saa 11 na nusu alfajiri naamka, huku kwetu Katubuka, Kigoma, bado giza na watoto wamelala, muda huu ndo wangu wa kutembea ili nipunguze mwili. Natembelea uani, toka mlango wa jiko mpaka geti alafu narudi, mvua ikinyesha nahamia sebuleni nazunguka meza au natembea palepale nikinyanyua magoti. Simu inahesabu hatua ikiwa kwenye mfuko niliojishonea kwenye dera. Cha muhimu ni kasi, hatua 100 kwa dakika ndo zinahesabika mwendo wa wastani, kwaiyo nusu saa ikiisha nina hatua kama 3,000 na jasho linatoka kweli. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima afikishe angalau dakika 150 za mazoezi ya kiwango hicho kwa wiki, na wanawake wengi nawasikia wanasema hawana hela ya jimu na barabarani wanaona aibu, jamani uani kwako panatosha kabisa.

Saa 1 chai. Yai moja la kuchemsha, kiazi kitamu gramu 200, chai ya maziwa kidogo bila sukari, jumla kama kalori 275. Sukari niliitoa kwa hesabu tu, kijiko kidogo kimoja kina kalori kama 16, sasa mtu anayeweka vijiko vinne na anakunywa vikombe vinne kwa siku tayari kashapita 250 na hajashiba chochote.

Saa 2 na nusu nimeshafungua kibanda changu eneo la Mwanga. Mi ni fundi cherehani, na hii mashine ya umeme mguu unabonyeza pedali kidogo tu, sio kukanyaga kama zamani, yani unakaa toka asubuhi mpaka jioni mikono ndo inafanya kazi kubwa. Kila nikimaliza nguo moja nasimama, naenda kupiga pasi mwenyewe, sitaki msaidizi aniletee.

Saa 4 anapita muuza maandazi, namsalimia, sinunui.

Saa 5 kaja mteja wangu wa siku nyingi kuchukua gauni la kitenge, kaniangalia juu mpaka chini, "dada fundi, mbona umekonda hivo, unaumwa?" Hili nalisikia sana na linaniuma kidogo, maana huku kwetu mtu akipungua watu wanawaza ugonjwa au ndoa ina shida. Nikamwambia niko mzima, nikamwonyesha kwenye tepu yangu ya kazi. Mwanamke kiuno kikizidi sentimita 88, karibu inchi 35, hatari ya sukari na magonjwa ya moyo inapanda sana, kwaiyo kila Jumatatu najipima kama ninavyompima mteja, kwa tepu ileile. Akasema basi nipime na mimi. Nikampima, namba yake nikamwambia yeye peke yake.

Saa 7 mchana nafungua kontena nililotoka nalo nyumbani, wali kikombe kimoja, maharage, mchicha, alafu ndizi mbivu. Kama 580 hivi vyote. Maji. Soda hapana, chupa ya mililita 350 ina kalori karibu 150, na mtu wa kilo 80 inabidi atembee haraka nusu saa nzima kuitoa, sasa nitembee alfajiri kwa ajili ya soda kweli?

Saa 11 jioni nafunga, napitia sokoni nachukua dagaa wakavu, alafu nyumbani kwa miguu.

Saa 12 na nusu jikoni, na hapa ndo watu wananiuliza sana, unahesabuje kalori wakati mnakula chungu kimoja? Tuko sita. Napima vikiwa vibichi, alafu nagawa. Leo unga wa muhogo gramu 900, ni kama kalori 3,150. Sufuria tupu naijua uzito wake, ugali ukiiva naweka vyote kwenye mizani natoa uzito wa sufuria, umetoka kilo 2 na gramu 400, kwaiyo kila gramu 100 ina kama 130. Mi nakata gramu 300, ni 390, basi. Ugali sio adui, watu wanausingizia bure. Angalia mafuta! Upawa mmoja wa mawese wa mililita 100 una zaidi ya kalori 800, na kuna nyumba unawekwa wa pili juu yake. Mawese siachi, ndo ladha ya Kigoma na yale mekundu mwili unapata vitamini A, ila napima vijiko vitatu vikubwa kwa chungu kizima, 360, tukigawana sita ni 60 kila mtu. Dagaa na mafuta yake fungu langu ni kama 235.

Mwanzoni nilikuwa natenga sahani yangu, mama mkwe akaniita pembeni akasema, "mwanangu, ukila peke yako watoto watajua una ugomvi na sisi." Alikuwa na haki. Saivi tonge langu nalipima jikoni nalibandika upande wangu wa sinia, tunakula pamoja. Mama mkwe ana sukari na anameza dawa, kwaiyo chakula chake napima kama walivyomwelekeza kliniki, simpunguzii kwa akili yangu maana sukari inaweza kushuka ghafla.

Saa 3 usiku natembea tena uani dakika 20, mume wangu kakaa barazani tunaongea ada ya shule huku napita na kurudi. Naandika kwenye daftari, leo karibu 1,480, lengo ni 1,500. Mbalamwezi inazidi kuwa kali na wavuvi hawatoki na taa mwezi ukiwa mpevu, dagaa watapanda bei, nimeshamwagiza jirani anayeenda mwaloni Kibirizi aniletee samaki wa migebuka, nitaichoma, sitakaanga.