Mashine ya Kurusha Theluji Nyuma ya Trekta: Nilivyoichagua na Kuirekebisha Huku Maine

Njia inayotoka barabarani hadi mlangoni kwetu, nje kidogo ya mji wa Lewiston katika jimbo la Maine, Marekani, ina urefu wa mita 90 na upana wa mita tatu na nusu. Theluji ikianguka kwa kina cha sentimita 30, juu ya njia hiyo hulala zaidi ya mita za ujazo 94, na ikiwa ni ile nzito yenye maji ambayo tufani za Atlantiki hutuletea mwezi Machi, kila mita moja ya ujazo huweza kufika kilo 200, yaani karibu tani 19 kwa jumla. Mke wangu hufanya kazi zamu ya usiku na hurudi alfajiri, kwa hiyo kazi ya kuiondoa haingoji jua lichomoze.

Majira mawili ya baridi niliisukuma kwa ndoo ya mbele ya trekta yangu ndogo ya Kubota. Desemba ndoo inatosha kabisa. Ifikapo Februari, kingo za theluji pande zote mbili zimekuwa ndefu na ngumu kama ukuta wa zege, njia imebana, na hakuna tena mahali pa kusukumia. Kuisukuma irudi barabarani hairuhusiwi, kwani sheria ya Maine inakataza kuacha theluji kwenye barabara ya umma. Dawa yake ni kuirusha mbali.

Nilikulia Karatu, ambako trekta ni chombo kinachojulikana na kila mtoto, na nilipoona kwamba mashine ya kurusha theluji hufungwa kwenye mikono mitatu ileile ya nyuma ambayo baba alifungia plau ya Massey Ferguson, na huzungushwa na shafti ileile ya PTO, yaani ile ya nyuma inayopeleka nguvu ya injini kwenye zana, kwa mizunguko 540 kwa dakika, hofu iliniisha. Parafujo pana iliyo mdomoni hukusanya theluji na kuileta katikati, kisha feni yenye mapanga manne iliyo nyuma yake huipiga kupitia bomba lililopinda juu, huku trekta ikienda kinyumenyume.

Ziko pia mashine za kufungwa mbele ya trekta, na anayezitumia hutazama aendako bila kupinda shingo. Lakini huhitaji fremu ya pekee na shafti ya katikati, bei yake ni kubwa zaidi, na lazima uivue ndoo ya mbele. Mimi ndoo naihitaji majira yote kwa ajili ya kuni, tena chuma kizito kikikaa nyuma, matairi ya nyuma hushika ardhi vizuri zaidi. Huko Quebec wakulima wengi hutumia aina ya tatu, ambayo hufungwa nyuma lakini mdomo wake unatazama mbele, hivyo trekta hutembea kwa kawaida huku ikiivuta. Ni mashine nzuri, ila matairi huikanyaga theluji kabla haijaliwa, na nzito ikishakanyagwa hugeuka barafu.

Muuzaji wa kwanza alinishauri nichukue mashine ya upana wa inchi 64, akihesabu kwamba nitamaliza kazi haraka. Hesabu yake ilitokana na nguvu ya injini, farasi 23, ilhali nguvu inayofika kwenye shafti ya nyuma ni takriban farasi 17 tu. Mdomo mpana usio na nguvu nyuma yake hukaba koo kwenye theluji ya maji. Nilipima matairi ya nyuma kutoka ukingo hadi ukingo, nikapata inchi 50, nikanunua mashine ya inchi 54 iliyokwishatumika. Inatosha kufuta alama za matairi, na injini haizimi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kukata shafti, kwa maana iliyokuja na mashine ilikuwa ndefu mno, na shafti ndefu ikigota mwisho wake wakati wa kuinua mikono huweza kuvunja giaboksi ya trekta yenyewe. Niliinua na kushusha mashine polepole, injini ikiwa imezimwa, hadi nikapata mahali ambapo umbali kati ya trekta na mashine ni mfupi kuliko pote, nikatia alama kwa chaki. Shafti yenyewe ni mabomba mawili yanayoingiliana; nilikata la ndani na la nje kwa kipimo kimoja, pamoja na makava yake ya plastiki, nikaacha nafasi ya sentimita tatu kabla ya kugota, nikahakikisha mabomba hayo yanaingiliana zaidi ya theluthi moja hata yakivutwa. Kisha nikapiga tupa kingo zote hadi kidole kikapita bila kukwaruzwa, nikapaka grisi.

Bolti ya kukatika, inayoiunga shafti na mashine, sikuibadilisha, na ninamsihi kila mwenye mashine hii asiweke ngumu zaidi. Chuma chake ni laini kwa makusudi. Januari mashine ilimeza gogo lililofunikwa na theluji; bolti ikakatika kwa mlio mmoja, na giaboksi ikasalimika. Nyingine kumi ziko kwenye kopo chini ya kiti. Na bomba la kurushia likiziba, zima injini kwanza, kisha tumia kijiti. Mkono usiingie humo kamwe, hata kama feni imesimama.

Njia yetu ni ya kokoto. Kabla ardhi haijaganda, vyuma vya kutelezea vilivyo pembeni nimevishusha ili mdomo uinuke kama sentimita tatu, vinginevyo mashine hurusha mawe, na jiwe moja linatosha kuvunja kioo cha gari. Ardhi ikishaganda, naurudisha mdomo chini.

Bomba la kurushia liligeuzwa kwa mpini uliokuwa nyuma ya kiti. Mtu anayerudi nyuma ameupinda mwili, mkono mmoja uko kwenye usukani na mguu kwenye pedali. Mkono wa kuzungusha mpini unatoka wapi? Trekta yangu haina matundu ya haidroliki kwa nyuma, hivyo nilifunga mota ndogo ya volti 12 yenye giaboksi yake, nikapitisha waya kwenye fyuzi, nikaweka swichi ya kwenda na kurudi karibu na wenzo wa ndoo.

Hata hivyo theluji ya Machi ilikuwa ikitoka kama uji, ikianguka mita tatu tu, juu ya ule ukuta wa kale wa mawe unaopakana na njia. Fundi mmoja wa kuchomelea, mtu wa Bukavu, aliingiza kidole kati ya panga la feni na ganda lake. “Kaka, angalia hii nafasi,” akaniambia. “Theluji ya maji inapita humu inarudi nyuma, haiende juu.” Nafasi ilikuwa karibu sentimita moja. Tulikata vipande vinne vya mkanda wa mpira, tukavipima kwenye mizani ya jikoni ili vilingane na feni isitetemeke, tukavifunga kwenye mapanga kwa bolti, vibati vya chuma na nati zisizolegea, mpira ukilipapasa ganda kidogo. Tuliizungusha feni kwa mkono mzunguko mzima kabla ya kuwasha.

Tufani iliyofuata ilileta sentimita 25 za theluji iliyolowa. Nilianzia mdomoni mwa njia, ambako gari la manispaa hurundika donge gumu kuliko yote, nikilimega nusu ya upana kwa kila mwendo. Theluji ilipita juu ya ukuta wa mawe na kuangukia shambani, zaidi ya mita nane. Saa kumi na moja na nusu alfajiri taa za gari la mke wangu zilikunja kona, akapita moja kwa moja hadi mlangoni.