Bunduki mpya ya .30-06: hatimaye mbao imeachana na mtutu

Imekubali! Risasi ya kwanza, mtutu ukiwa bado wa baridi, imetua Dodoma palepale ilipotua Dar. Nimehangaika na bunduki hii kuhamisha shabaha tangu masika, na leo naandika nikiwa na furaha tele.

Nianze na risasi yenyewe. Nilitaka bunduki moja ya bolti, yaani ya komeo la kuvuta kwa mkono, inifae kwa swala pala, tohe, ngiri na kongoni, na pofu siku nikibahatika. Nyati simo, huyo ni wa kaliba ya .375 kwenda juu. Sasa, mengi yanayoandikwa kuhusu kaliba yanatoka Marekani, na huko mnyama anayezungumzwa ni yule paa wao mwenye mkia mweupe. Huyo kwa uzito yuko karibu na swala pala, au anamzidi kiasi. Ndiyo maana wanaweza kubishana mwaka mzima kati ya risasi ya .270 ya mwaka 1925 na 6.5 Creedmoor ya 2007, na wote wakawa sahihi, kwa sababu paa yule anaanguka kwa zote mbili zikiwekwa mahali pake. Ukimweka pofu dume kwenye hesabu, mnyama wa kilo 700 na zaidi, mabishano yale hayakusaidii tena.

Moyo wangu ulikuwa kwenye risasi ya 9.3x62. Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, aliitoa mwaka 1905 kwa ajili ya Wajerumani waliokuwa wakija Afrika, wapate risasi nzito inayoingia kwenye Mauser ya kawaida bila kuhitaji bunduki ya bei mbaya. Wakati huo Dar hii ndiyo ilikuwa makao yao makuu. Kichwa chake, ile sehemu inayoruka, ni cha greni 286, yaani gramu 18.5, na kinatoka kwa takriban mita 720 kwa sekunde. Kwa pofu huhitaji maelezo zaidi. Lakini dukani niliambiwa, "Kaka, hiyo usubiri mzigo, na mzigo sikupi tarehe. .30-06 ipo, .375 ipo." Bunduki isiyo na risasi ni fimbo ya bei ghali. Nikachukua .30-06, kichwa cha greni 180, kasi ya mita 820 hivi kwa sekunde, na sijajuta hata chembe.

Kwenye mtambo sikuwa na mjadala mrefu. Nataka ukucha mpana wa Mauser wa 1898, ule unaoshika kitako cha ganda mara tu risasi inapotoka kwenye magazini na hauliachii mpaka ulitupe nje. Nimeshika bunduki ya Tikka T3x na nakiri sijawahi kugusa bolti laini kama ile, inateleza yenyewe. Remington 700 nayo ni imara. Ila mimi hulala chini, huinama, hugeuza bunduki ubavu kwenye majani, na nataka risasi iwe imeshikwa muda wote. Nikapata mpya ya mfumo huo, yenye kitako cha mbao ya walnut. Plastiki niliiona, nikaiacha. Inafanya kazi, hilo sina ubishi nalo, lakini sitaki kubeba plastiki porini kwa miaka ishirini ijayo.

Basi, tabu ikaanzia hapo.

Naweka ziro Dar, yaani narekebisha darubini ilenge pale risasi inapotua, mita 100, risasi tatu ndani ya sentimita 4. Safi. Napanda nayo Dodoma, nakaa siku kadhaa, napiga: kundi bado zuri, lakini limehamia chini kulia karibu sentimita 8. Narekebisha darubini. Narudi Dar, baada ya muda limehamia juu kushoto. Risasi zenyewe zinakaa pamoja vizuri kabisa, ila kundi zima limehama nyumba. Hicho ndicho kilichoninyima usingizi. Bunduki inayotawanya risasi inakuonyesha ugonjwa wake. Hii ilikuwa inapiga vizuri mahali pasipo pake.

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa darubini. Nikafungua pete zote, nikasafisha mafuta, nikakaza upya kwa spana yenye kipimo, nikaweka alama ya rangi ya kucha kwenye kila skrubu nione kama inalegea. Haikulegea hata moja. Nikaazima darubini nyingine kwa rafiki. Kundi likahama vilevile. Nikabadilisha risasi, kiwanda kingine kabisa. Vilevile. Nikaangalia skrubu mbili zinazofunga chuma kwenye mbao, na hapo nikapata dalili ya kwanza: kila nikirudi Dar ya mbele ilikuwa imebana zaidi, na kila nikiwa Dodoma inazunguka kwa urahisi. Chuma hakibadiliki hivyo. Mbao ndiyo inayopumua.

Nikachukua noti ya elfu kumi, nikaipitisha kati ya mtutu na mbao kutokea mbele. Dodoma ilipita mpaka karibu na chemba, pale risasi inapokaa, bila kugusa. Dar ilikwama vidole vinne tu kutoka kwenye ncha ya mbao, upande wa kulia. Kumbe unyevu wa pwani unaivimbisha mbao kwa upana, ubavu unasogea na kuusukuma mtutu. Bara hewa ni kavu, mbao inanywea, mtutu unarudi. Na kwa kuwa unasukumwa kidogo tu na kila mara upande uleule, kundi linabaki dogo huku likihama.

Kujua mahali penyewe nilitumia koroboi. Unaufukizia mtutu moshi upande wa chini mpaka ushike masizi, unaufunga kwenye mbao na kukaza skrubu, kisha unafungua taratibu. Palipogusa pamechorwa peusi. Nilipata doa moja refu kama kidole karibu na ncha, na jingine jembamba nyuma yake ambalo noti isingelionyesha kamwe. Hakuna kifaa cha dukani kinachoshinda masizi kwa kazi hii, na mtu asinibishie.

Chuma kilibaki kwenye kabati lake nyumbani, kimefungwa. Nilibeba mbao peke yake kwenda Keko kwa fundi seremala mzee ninayemwamini. Nilimpa shikamoo, nikamwelezea. Akaigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye mfereji wa mtutu, akasema, "Mwanangu, wameivisha koti wakaiacha tumbo wazi." Nje vanishi inang'aa, ndani mbao kavu kabisa, haijapakwa kitu. Tukafungua mpira wa begani: huko nako uchi, na ndiko nyuzi za mbao zimekatwa, yaani ndiko inakokunywa unyevu kwa kasi kuliko kote.

Msasa tuliuzungushia kipande cha bomba chenye unene unaokaribia mtutu, tukaenda polepole, masizi, msasa, masizi, msasa, mpaka noti iliyokunjwa mara mbili ikapita. Ndani nikapaka vanishi ya poliyurithani iliyopunguzwa iingie vizuri, tabaka juu ya tabaka. Najua wapenzi wa mafuta ya kitani watanuna. Mafuta hayo ni mazuri kwa macho na kwa mkono, nje nayatumia, lakini hayazuii unyevu wa Dar, na mwezi wa nne hayakauki.

Kilichobaki ni skrubu. Fundi wa mashine ya kukereza, Gerezani, alinitengenezea vibomba viwili vya alumini vinavyokaa ndani ya mbao kuzunguka skrubu. Sasa chuma kinabana chuma, na mbao ivimbe inavyotaka. Vikashikwa na gundi ya epoksi, ileile inayojaza nyuma ya lile jino linalopokea teke la bunduki. Kabla ya hapo chuma kilipakwa dawa ya viatu kisishikane na gundi. Usiruke hatua hiyo.

Matokeo nimeshayasema. Dar, Dodoma, na Dar tena baada ya mvua: ziro haijagusika.

Mpango ulikuwa niendelee na vichwa vya greni 220 kwa ajili ya pofu, nilinganishe na 180 kabla msimu wa uwindaji haujafunguliwa Julai. Hilo nimeliweka kando, kwa sababu pale Keko nimeona ubao wa mninga.

Mninga wa Tabora, rangi ya asali yenye michirizi myekundu, na mafundi wote wa fanicha watakuambia kwa nini wanaupenda: ukishakauka hauvimbi wala kunywea sana, na milango yake haikwami masika. Mbao ya tabia hiyo ipo hapahapa nchini, nami nimehangaika na walnut! Nimenunua kipande chenye unene wa sentimita 6, nyuzi zimenyooka kuanzia mahali pa kushikia mpaka mbele, na ndipo panapohitajika nguvu. Hakijakauka sawasawa. Nimepaka vanishi kwenye ncha zote mbili kisipasuke, nakipima kwenye mizani kila Jumapili na kuandika gramu. Uzito ukiacha kushuka, ndipo nitakapoanza kukata.