Meli Iliyodaiwa Ngano

Mwaka 2015, msimu wa Kaskazi, ofisi yetu ilikuwa ghorofani karibu na Moi Avenue, panka likizungusha joto tu. Tulikuwa wanne, na programu ya lugha ya C ya kuhesabu mizigo ya bandari ya Kilindini: mistari zaidi ya laki tatu, mingi iliandikwa na watu walioacha kazi mimi nikiwa bado shule. Kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, ilikuwa GCC kuukuu. Hakuna aliyethubutu kuigusa.

Mimi nilishupalia Clang, kompaila nyingine. Nilipenda inavyokutajia kosa: inakuwekea mstari wenyewe na alama chini ya herufi uliyokosea. (GCC nayo ilikuwa ikifanya hivyo tangu toleo la 4.8, ila yetu ilikuwa ya kale zaidi.) Nikamwambia mkubwa wetu, tuliyemwita Maalim, kwamba hata mfumo endeshi wa FreeBSD, toleo la 10, ulishahamia huko mwaka uliotangulia. Akachovya hamri kwenye mbaazi.

"Hao hawana meli zangu, mwanangu. Jaribu kwanza."

Ijumaa baada ya swala nikajaribu, kwa -O2, swichi inayoiamuru kompaila iboreshe msimbo uende kasi. Kazi iliisha chai haijapoa. Majaribio yote yalipita isipokuwa moja, la meli ya ngano.

Jumla ilihesabiwa kwa gramu ndani ya int, yaani namba kamili, ya biti 32, na mwisho wa int hiyo ni 2,147,483,647. Hizo ni tani 2,147 na kidogo. Meli ya nafaka hupita hapo mapema sana, na kwa kawaida namba huzunguka ikawa hasi. Aliyeandika alilijua, akaweka mlinzi: jumla + uzito ikiwa ndogo kuliko jumla, fungua hesabu mpya. Sasa mlinzi hakuonekana. Skrini ilitoa tani za hasi, kana kwamba meli imefika bandarini kudaiwa ngano.

"Clang mbovu," nikasema, nikaanza kuwaandikia wenyewe barua ya malalamiko.

Binti wa dirishani, mdogo wetu sote, akaniita taratibu. "Kaka, nimejaribu GCC mpya, kwa -O2 hiyohiyo. Njoo uone."

Hasi ileile, mpaka tarakimu ya mwisho.

Kumbe kanuni za C haziamui lolote int ikifurika, yaani ikipita mwisho wake, kwa hiyo kompaila ina ruhusa ya kudhani haifuriki kamwe. Ikishadhani hivyo, swali la mlinzi linabaki moja tu: je, uzito ni hasi? Mzigo gani una uzito hasi? Mlinzi akafutwa kihalali. GCC kuukuu ilimwacha kwa kuwa miaka yote tuliiendesha bila -O2, na kwenye Makefile, faili la maagizo ya kukompaili, mtu alikuwa ameandika "usiguse" bila kueleza kwa nini.

Jioni ile tukaweka -fwrapv, swichi inayoiambia kompaila kwamba int ikifurika huzunguka, kisha ikatuchukua miezi miwili kuhamishia jumla zote kwenye int64_t, namba ya biti 64. Maalim akachagua GCC mpya kwa mashine za bandarini, na Clang ikawa inakompaili msimbo uleule kila usiku, maana kila moja hulalamikia yake.

Barua yangu niliifuta. Ilikuwa imefika aya ya tatu.