Teke la Jin na Fremu 13

Mwaka 2019, kwenye banda la gemu pale Magomeni, dogo mmoja alitolewa mapema kwenye mashindano yetu madogo ya Tekken 7, gemu ya kupigana ya mtu kwa mtu. Mpiganaji wake ni Law. Aliyemtoa alikuwa na Jin, na sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na pigo moja tu: teke la kuruka, mshale wa juu-mbele pamoja na kitufe cha duara kwenye pedi. Dogo alilikinga, likaja tena, akalikinga. Lilipokuja mara nyingine akawa amebonyeza teke la chini, Jin akaliruka kwa juu na kumnyanyua.

"Kaka, si nakinga? Mbona bado ananimaliza?"

Alikuwa anakinga vizuri kweli. Tatizo lilikuwa kinachofuata baada ya kukinga, kwa hiyo pedi zilipopata nafasi tukafungua mazoezi.

Gemu inakwenda fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde. Teke lile linagusa baada ya fremu 15, na likikingwa Jin anabaki nyuma kwa fremu 13 (tunasema hasi 13), yaani wewe unakuwa huru fremu 13 kabla yake. Ngumi ya kitufe cha mraba inagusa kwenye fremu ya 10, hivyo mraba-pembetatu inaingia na Jin hana namna ya kuikinga. Dogo alipolipiza, alijibu teke kwa teke la aina hiyohiyo. La kwake nalo linahitaji zaidi ya fremu 13, limechelewa, Jin anakinga, na sasa anayestahili kupigwa ni yeye.

Namba za fremu kwenye kioo zilikuwa zinauzwa peke yake, na banda halikuwa limenunua. Tukapima kwa njia ya zamani: mrekodi Jin apige teke kisha ashike nyuma, ambayo ndiyo kinga, papo hapo. Hicho cha kushika nyuma watu wanakisahau, halafu kila pigo la kivivu linaingia na wanaondoka wakiamini wamegundua adhabu. Dogo akakinga, akabonyeza, Jin akakinga. Alikuwa anasubiri mpaka aone teke limekwisha. Mwanya wa mraba hapo ni fremu 3 tu, na kwa pigo la hasi 10 hakuna mwanya kabisa, kwa hiyo bonyeza mwili ukiwa bado unatikiswa na kinga. Gemu inakihifadhi kitufe kwa muda mfupi. Umbali nao una neno lake. Teke likikugusa kwa ncha tu, hesabu inakubali lakini ngumi haifiki.

Kuanzia hasi 9 kwenda kwenye sifuri pigo ni salama kwa ngumi ya fremu 10, ila salama haina maana kwamba zamu bado ni yako. Pigo lako likikingwa ukabaki hasi 3, mraba wako na mraba wake vikibonyezwa pamoja, wake unafika fremu 3 mapema. Hapo ndipo dogo alipokuwa anamwaga damu zaidi, kwa maoni yangu kuliko hata kwenye teke. Acha vitufe: kinga, au jongea pembeni. Mraba wenyewe ukikingwa unakupa nyongeza ya 1, ndiyo maana wakongwe wanaugonga tu bila aibu.

Wengine walilaumu televisheni, ambayo kweli ilikuwa na uzito wa kuchelewesha picha. Lakini wawili mkitazama kioo kimoja fremu hazibadiliki. Macho ndiyo yanayochelewa.

Jamaa wa Jin akaja kujaribu, ila akachukua mpiganaji mwingine, Kazuya, na ile ngumi yake ya kubonyeza mbele, achia, chini, chini-mbele na pembetatu. Pembetatu ikichelewa fremu moja baada ya chini-mbele, inatoka ya kawaida, hasi 10, na mraba wa dogo unaingia. Zikigongana fremu ileile inatoka yenye radi ya buluu, na ikikingwa Kazuya ana nyongeza ya 5: pigo lake la fremu 14 linautangulia mraba wako, la 15 mnaumizana wote. Dogo akawa anaadhibu radi na kupigwa. Nikamwambia aangalie rangi kwanza. Zote mbili ni za juu, ukichuchumaa zinapita, na ukiinuka na duara, fremu 11, unampata. Akaanza kuchuchumaa kila Kazuya anapoinama kuja. Jamaa akabadili, akatoa ngumi ya kati kutoka kwenye mwinamo uleule.