Mizizi ishirini kwa tochi ya simu

Jana umeme ulikatika hapa Arua, tukaendelea kwa tochi ya simu. Binti ya dada yangu, yuko S.5 (kidato cha tano), akauliza: "Mjomba, hii 210 imetoka wapi?" Nilikuwa nimemwandikia polinomia ya Wilkinson, yaani (x−1)(x−2)…(x−20), yenye mizizi (thamani za x zinazoifanya iwe sifuri) 1 hadi 20. Jumlisha mizizi yote, unapata 210. Ukifungua mabano, koefishenti ya x¹⁹ (namba inayoizidisha) ni jumla hiyo ikiwa hasi: −210. Akaridhika.

Mimi nikachokoza (ndiyo tabia yangu). Fanya −210 iwe −210.0000001192. Kiduchu hivyo! Mizizi midogo haitikisiki, ila kuanzia 10 hadi 19 yote inaacha mstari wa namba halisi, ikawa jozi tano za namba changamano (zenye i, kipeuo cha pili cha −1). 16 na 17 zinageuka takribani 16.73 ± 2.81i.

Akasema namdanganya. Tukangoja umeme urudi, tuwashe kompyuta.