Siku moja maishani mwangu: mvua kubwa imenyesha Midrand, na vyura wametoka

Saa 9:40 usiku

Simu inalia kabla ya kengele. Ni mama mmoja anayekaa jirani na bwawa, ametuma picha ya geti lake na neno moja: "Wametoka." Katikati ya picha kuna dude la kijani, pana, limetulia kwenye lami iliyolowa, na wala halina dalili ya kupisha gari.

Navaa gambuti, tochi ya kichwani na kizibao kinachong'aa usiku. Chai itanisubiri.

Kwa wasionijua: mimi ni Mnyaturu wa Singida, nafanya kazi Afrika Kusini, Midrand, katikati ya Johannesburg na Pretoria. Ni msaidizi wa utafiti kwenye timu inayokagua ardhioevu kabla ya watu kupewa vibali vya kujenga. Siku nyingi za mwaka kazi yangu ni kuchimba vishimo vya kupimia udongo, kuorodhesha majani na kubishana na ramani. Ila ikishuka mvua ya aina ya jana jioni, kila kitu kinawekwa kando. Kipimo chetu kimesoma milimita 71 kwa saa chache, na hiyo ndiyo mvua inayomtoa ardhini chura mkubwa kuliko wote kusini mwa Afrika. Makaburu wanamwita brulpadda, Watswana letlametlo, na kwenye fomu zetu ni Pyxicephalus adspersus. Tanzania na Kenya tunaye ndugu yake mdogo, Pyxicephalus edulis, ambaye wengi wetu tumepishana naye shambani wakati wa masika bila kumsalimia.

Saa 10:15 alfajiri

Barabara ndiyo machinjio. Vyura hawa hujizika kwenye nyasi mamia ya mita kutoka bwawani, na wakitoka wanakata njia moja kwa moja kuelekea maji. Barabara imewakuta, si wao walioikuta. Tumegawana vipande, kila mtu na ndoo yake, tunawaokota na kuwavusha upande ule ule waliokuwa wanaelekea. Ukimrudisha alikotoka, anageuka na kuingia barabarani upya.

Kumshika kuna namna yake. Unatokea nyuma, viganja viwili chini ya makwapa, vidole mbali na mdomo. Taya lake la chini lina vichomozi vya mfupa vilivyochongoka, na akikamata haachii. Ukivuta, unajichana mwenyewe. Mwenzangu ana kovu kwenye kidole gumba na anawaonyesha wageni kwa fahari kabisa.

Mlinzi wa geti la tatu ni Mkongo wa Bukavu. Huwa tunaongea Kiswahili, chake na changu, tunaelewana. Amesimama juu ya kiti.

"Ndugu yangu, ile kitu inaumaka?"

"Inauma kaka, ila haikufuati. Inafuata maji."

"Basi uitoshe haraka, bosi anakuja kutoka."

Naitosha.

Saa 11:30 alfajiri

Kumeshapambazuka. Vyura wengine wadogo walioimba usiku kucha wananyamaza mmoja mmoja, na hawa wakubwa ndio kwanza wanaanza. Hiyo ni tabia yao: mambo yao wanayafanya mchana kweupe. Sauti yao ni nzito na fupi, mfano wa ng'ombe anayeguma akiwa zizi la mbali, na ukiwa umesimama majini unaisikia mpaka kwenye gambuti.

Bwawa lenyewe usilifikirie kubwa. Ni uwanda wa nyasi uliofunikwa na maji, sehemu nyingi hayafiki hata magotini, na wiki kadhaa zijazo patakuwa pakavu. Ndiyo maana wanalipenda. Maji ya kudumu yana samaki, na samaki ni adui wa viluwiluwi. Maji ya msimu hayana samaki, lakini yana saa inayohesabu.

Madume wamejikusanya mahali pamoja, kwenye kina kifupi. Wakubwa wako katikati, rangi ya kijani iliyokolea, koo na makwapa ya njano inayoelekea machungwa. Wadogo wanazungukazunguka pembeni wakitafuta upenyo. Dume mkubwa akimwona mwenzake amesogea, hapigi kelele mara mbili. Anamrukia.

Nimekaa nao karibu, mita tatu hivi. Mmoja amemkamata mpinzani wake chini ya mbavu, akajipinda, akamnyanyua mzima mzima na kumtupa chali. Maji ya tope yamenirukia usoni. Aliyetupwa hajaondoka, amejigeuza, akapanua mdomo na kurudi kwa kasi ile ile. Wamefungana mdomo kwa mdomo kwa muda mrefu, wanasukumana, macho yamezama ndani ya fuvu. Mwisho mmoja amelegea na kuogelea kwenda pembeni, ngozi ya paja imechanika. Kuna wanaokufa kwenye ugomvi huu, na ukitembea ukingoni baadaye unawaona.

Katika vyura wengi duniani jike ndiye mkubwa. Hapa ni kinyume. Dume anaweza kupita sentimita 20 kwa urefu wa mwili na kuzidi kilo moja, na jike akawa karibu nusu yake. Ukishaona ngumi za asubuhi hii hushangai kwa nini.

Saa 1:00 asubuhi

Majike wanaingia. Hawaji kwa mbwembwe. Jike anaogelea chini ya maji, anawapita vijana wa pembeni wanaojaribu kumdaka, na kuibuka katikati kwenye wakubwa. Dume anampanda mgongoni. Kinachofuata sikukiamini mpaka nilipokiona: jike anainua makalio yake juu ya maji, dume naye anajikunja kumfikia, mayai yanatoka na kurutubishwa hewani, ndipo yanadondoka majini. Anainua tena, yanadondoka tena. Jumla mayai 3,000 hadi 4,000 kwa jike mmoja. Akimaliza, anaondoka zake nyasini kula. Kazi yake imeisha.

Bosi wangu, mama wa Kitswana ambaye ameanza kuwafuatilia vyura hawa kabla mimi sijajua Midrand iko wapi, ananinong'oneza nisisogee. Kijana mmoja wa pembeni amejipenyeza chini ya jozi, anajaribu bahati yake. Mwenye eneo amemng'ata, akamtupa, akarudi kwenye shughuli.

Saa 3:30 asubuhi

Shughuli inapopoa ndipo sisi tunaanza yetu. Mizani ya kuning'iniza, mfuko wa kitambaa, rula, kamera. Tunapima walio pembeni tu, walio na mayai hatuwagusi. Wa kwanza: dume, gramu 740, sentimita 17. Kovu la zamani juu ya jicho la kushoto. Namgeuza kuangalia mguu wa nyuma: kisigino kina kinundu kigumu chenye makali, na hilo ndilo jembe lake. Hujizika kwa kurudi nyuma, anajizungusha huku miguu ikichota udongo, mpaka uso ndio wa mwisho kupotea.

Ameninyea mkononi. Ndiyo kazi.

Kufikia saa tano jua limekuwa kali na uwanja umepungua watu. Ndege wameshuka: kwarara na makelele yao, yangeyange wamejipanga ukingoni, na fundi chuma mmoja anatembea taratibu akichokoa tope. Hawa hawajaja kwa vyura wazima. Wanajua kitakachoanguliwa hapa kesho kutwa.

Saa 7:00 mchana

Ugali (huku wanauita pap), soseji na achari, tunakula nyuma ya pikapu. Dereva wetu anatoka kaskazini mwa Namibia, na kila tukimpa nafasi anarudia kwamba sisi ni watu wa ajabu: tunawapima uzito wanyama ambao kwao wanaingia sufuriani. Ila hata kwao haliwi ovyo. Chura wa mwanzo wa msimu, au ambaye hajakomaa, anamfunga mtu mkojo na kuharibu figo. Ugonjwa una jina lake, oshiketakata, na wazee wanasema usubiri mpaka mvua ya tatu. Wengine hutandaza vipande vya miti mikavu ndani ya sufuria kabla ya kupika.

David Livingstone, alipoishi na familia yake Botswana ya leo, aliandika kwamba wanawe walimla letlametlo kwa hamu, na kwamba akipikwa anafanana na kuku. Aliandika pia kwamba wenyeji waliamini vyura hawa hudondoka na ngurumo kutoka mawinguni. Siwacheki. Juzi pale palikuwa na vumbi.

Bosi hali nyama kabisa, kwa hiyo mjadala umeishia kwenye achari.

Saa 8:45 mchana

Tuko kaskazini ya Pretoria, kwenye malisho. Mvua za radi za huku zinachagua: Midrand imefurika, hapa hata tone halijaanguka. Wiki mbili zilizopita hapa ndipo walipozaliana, na leo tunakuja kuona kama maji yamebaki.

Hayajabaki mengi. Kidimbwi kimegawanyika. Kipande kikubwa bado kina kina cha kutosha, lakini pembeni kimejitenga kidimbwi kidogo, maji ya moto kabisa ukitia mkono, na ndani yake viluwiluwi vimejaa mpaka maji yanaonekana meusi na yanachemka. Pembeni yao yupo dume mmoja, baba, nusu yake nje ya maji.

Anachimba. Ameshafungua mfereji kwenye tope kuelekea kidimbwi kikubwa, mita kadhaa, na kimebaki kipande kisichofika urefu wa mkono wangu. Anajisukuma kwa kifua, anapiga mateke kwa miguu ya nyuma, tope linatoka pembeni, anapumzika, koo linapanda na kushuka. Kisha tena. Watafiti wa huku waliieleza tabia hii kwenye jarida la kisayansi mwaka 1989, na nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani wamepamba.

Ng'ombe anakuja kunywa. Ng'ombe mzima, mwenye pembe. Baba ameacha kuchimba, amejijaza hewa, amepanua mdomo na kuruka moja kwa moja kwenye pua. Ng'ombe amerudi nyuma hatua tatu, ameguma, amekwenda kunywa upande wa pili. Mtoto anayechunga amecheka mpaka amekaa chini. Wapo vyura wa aina hii walioonekana wakiwarukia hata simba.

Maji yalipopita, hayakupita kwa kishindo. Yamejipenyeza kidogo kidogo, halafu kiluwiluwi cha kwanza kikafuata, halafu kundi zima likaingia kwenye mfereji likisukumana. Baba amekaa kwenye mlango wa mfereji wanapita tumboni pake na mgongoni pake. Na kabla hujamwandikia shairi: amefumba mdomo juu ya wachache akawameza. Anakula watoto wake huku anawaokoa. Bosi anasema wanaookoka ni wengi mno kuliko wanaoliwa, kwa hiyo hesabu inamlipa. Mimi bado sijui nimpende au nimwogope.

Vikiwahi, viluwiluwi vinageuka vyura ndani ya wiki tatu hivi, maji yakiwa na joto. Nao wakishatoka nchi kavu wanaanza kula chochote kinachoenea mdomoni, ndugu zao wakiwemo. Uroho huo hauishi ukubwani: panya, ndege, nyoka. Katika bustani ya wanyama ya Pretoria mmoja aliwahi kumeza nyoka wachanga 17 wa jamii ya rinkhals, ambao ni ndugu wa swila.

Saa 11:00 jioni

Ofisini. Picha zinapakiwa, namba zinaingia kwenye jedwali, nguo zinanuka tope.

Mezani kuna ripoti ya kampuni nyingine kuhusu kiwanja kilicho jirani na bwawa la asubuhi. Wameandika kwamba hakuna vyura wa kuhifadhiwa. Nimetazama tarehe ya ukaguzi: Julai. Julai huku ni kipupwe, nyasi zimekauka, na chura yuko chini ya ardhi. Amejifunika gamba alilojitengenezea kwa tabaka za ngozi yake mwenyewe, limemziba mwili mzima na kuacha matundu ya pua tu, ametunza maji kwenye kibofu, na anaweza kukaa hivyo miezi kumi. Mvua ikimfikia analichana, analila, anatoka. Kumtafuta Julai ni kumtafuta mtu nyumbani kwake wakati amefunga mlango na kuzima simu, kisha ukaandika kwamba nyumba haina mwenyewe. Na ukimwaga zege juu yake, hakuna atakayejua alikuwepo.

Bosi ameandika barua ya kurasa mbili. Mimi nimeambatanisha picha za asubuhi, zenye saa na tarehe. Tumeipeleka kabla ya ofisi za wenzetu kufungwa.

Saa 2:15 usiku

Nimempigia mama Singida.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Namweleza habari ya mfereji. Amenyamaza kidogo.

"Na mama yao yuko wapi?"

"Alishaondoka mama, siku ile ile."

"Mh. Na huyo baba anawala na kuwachimbia?"

"Ndiyo."

"Huyo ana mambo mengi. Nitumie hiyo video, wajukuu waone."

Video ni kubwa, bando la mama ni dogo. Naikata vipande, natuma kile cha ng'ombe kwanza.